Mama Mkwe Kiti cha Mbele

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Fainali ni Jumamosi! Mimi na Masila, ukumbi wa boling wa Syokimau, kuviringisha mpira na kuangusha pini kumi. Nimemwambia Nzilani, mchumba wangu, kwamba tarehe 27 nikipeleka mbuzi wa kwanza wa mahari kwao Muthetheni, nitashuka garini na kikombe mkononi. Baba yake anasema boling ni mchezo wa watu wasio na shamba. Kikombe kitamnyamazisha.

Shida ni moja. Mpira wa mwisho. Nikiwa naongoza, kiganja hutoa jasho, na mpira huingia mtaroni, pembeni mwa njia, bila kugusa pini hata moja. Masila, fundi wa friji, niliyesoma naye tangu utotoni, hatoki jasho. Hupiga miayo. Namchukia mtu anayepiga miayo kwenye fainali.

Jumanne, 9 Septemba

Nimejaribu kutuliza akili. Kocha mmoja wa mtandaoni anasema vuta pumzi ukihesabu hadi nne, uwaze mahali penye amani. Nikawaza shamba la marehemu babu. Nikakumbuka ile kesi ya mpaka. Moyo ukaenda mbio kuliko mwanzo.

Basi. Kama siwezi kupunguza presha yangu, nitaongeza ya Masila.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepata! Nimecheka peke yangu kazini hadi Lavender wa stoo akauliza kama niko sawa.

Mkamba na mama mkwe wake! Hamkai meza moja, hamtazamani machoni, na hata iweje, huinami ukiwa umempa mgongo. Ndiyo nthoni, ile haya tuliyolelewa nayo. Na boling ni nini? Ni kuinama, makalio yakiwaelekea watazamaji!

Nimemtumia mama mkwe wa Masila ujumbe, nikijifanya kamati ya mashindano. Mgeni wa heshima, kiti cha mbele. Ili uonekane wa kiofisi nikaongeza: pamoja na mwenzako mmoja. Nilipomweleza Nzilani hakucheka. Alisema huyo mama ni wa kwao Muthetheni, niachane naye kabisa. Nzilani hajui michezo.

Jumamosi, 13 Septemba

Siwezi kuandika. Naandika.

Saa nane kamili mama mkwe wa Masila akaingia na sare yake ya Wanawake Wakatoliki. Furaha iliyonijaa! Nikamgeukia Masila nimwone akizimia. Masila akamwendea, akamsalimia kwa mikono miwili, akamtafutia soda. Kumbe alishampelekea mbuzi na blanketi miaka mitatu iliyopita, ile haya ikaondolewa, na siku hizi hutazama mieleka pamoja kwenye televisheni.

Nyuma yake akaingia mwenzake mmoja. Mwenyekiti wa kikundi chao cha kanisa. Mama yake Nzilani.

Akaniona. Akavuta leso hadi kwenye nyusi. Akaketi kiti cha mbele, hatua nne kutoka mgongo wangu. Mimi sijapeleka mbuzi, sijapeleka blanketi, sijapeleka hata sukari.

Sikuinama. Mpira wa kwanza niliutupa nimesimama wima. Ulidunda kwa kishindo, ukaingia mtaroni. Wa pili niliurusha nikiwa ubavu ubavu, kama mtu anayefunga lango la ng'ombe. Mtaroni. Mwamuzi akauliza kama nimeumia mgongo. Nikasema ndiyo. Mchezo mzima niliangusha pini kumi na tisa. Masila alipata pointi mia moja themanini na nane, mama mkwe wake akimpigia vigelegele.

Masila alipiga miayo mara mbili. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumapili, 14 Septemba

Nzilani amepiga simu akicheka hadi maneno hayatoki. Jana mama yake alifika nyumbani, akamkalisha mzee chini, akamwambia:

"Huyo Muthoka ako na heshima. Amekubali kushindwa mbele ya watu badala ya kunipea mgongo. Mbuzi zake zikuje hata kesho."

Mzee amekubali. Tena ameuliza kama mgongo wangu umepona.

Nimecheza sebuleni peke yangu hadi jirani akagonga ukuta. Nampenda Nzilani! Nampenda mama yake, kwa mbali! Nzilani amenitaka niahidi kwamba hila zimekwisha. Nimeahidi kwa moyo wangu wote.

Jumatatu, 15 Septemba

Mashindano mengine ni Novemba. Nimetafakari sana. Mpango ulikuwa mzuri, ila mama mkwe hakuwa mtu anayefaa. Kuna binadamu mmoja tu anayeweza kumtetemesha Masila: Mwalimu Nzau, hesabu, darasa la sita. Amestaafu, yuko Katangi. Nimeshamwandikia. Mgeni wa heshima, kiti cha mbele.

Kweli mimi na Masila tulikaa dawati moja, na aliyechapwa zaidi ni mimi. Hayo ni ya zamani. Kalamu inateleza kidogo mkononi, ni hili joto la Machakos.

Nimemwambia aje na mwenzake mmoja.