Sabuni ya Maji Iliyoganda Kibosho

Jamani, leo nimeadhirika! Tena mbele ya baba yake Yustina, mzee ambaye nilipanda mlima kwenda kumposa binti yake.

Nyote mnaijua sabuni yangu ya maji. (Sawa, ni sabuni ya mche niliyoikwangua nikaichemsha. Msinitangazie.) Hapa Njoro, chini ya mlima kwenye joto, inamiminika kama mafuta. Nikajaza chupa, nikavaa kofia ngumu kama ya Bwana Shauri, yule mzungu wa serikali, nikadandia lori la kahawa hadi Kibosho juu. Mwezi wa saba! Ukungu mpaka puani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Yustina anasema una kiwanda."

Kiwanda! (Sufuria moja.) Kichwa kikavimba. "Mzee, sabuni ya mche ni ushamba. Huko Ulaya sasa sabuni inamiminwa."

Ukoo mzima umekaa jikoni, mtungi wa mbege, pombe yao ya ndizi, katikati. Shangazi yake Yustina akakinga mikono. Nikainamisha chupa. Hola. Nikaitikisa, nikaipiga kitako. Wapi! Baridi imeshaigandisha.

"Labda bado iko njiani kutoka Ulaya," akasema shangazi. Wakacheka. Yustina akainama.

Hapo mwenye akili angeomba radhi, akanywa mbege, akaposa. Mimi? Nikaisogeza chupa kwenye mafiga ipate moto. Paa! Chupa ikapasuka. Sabuni ikabaki imesimama peke yake, na shingo yake, na mabega yake.

Mzee akaitazama kwa makini. "Kijana, huu si mche?"

Nikaidaka niifiche. Kwa nje ilikuwa imeanza kuyeyuka, inateleza vibaya sana. Ikachomoka mkononi, ikaruka, ikatua tumbwi! ndani ya mbege. Povu likapanda mpaka likamwagika. (Povu zuri lakini. Tuseme ukweli.)

Nikakimbilia nje, nikachuma jani la isale, nikampa mzee kwa mikono miwili. Nyie mnajua, Mchaga akipewa isale hawezi kukataa kusamehe. Akalipokea.

"Nimekusamehe," akasema. Nikashusha pumzi. "Ila posa irudishe Njoro. Njoo nayo Januari, wakati wa joto. Labda na ukweli wako utamiminika."

Nawaombeni msinicheke, ndugu zangu. Yustina ameshacheka kwa niaba yenu nyote.