Picha ya Mama kwa Mkataba wa Nguruwe

Jumatatu, 5 Mei. Batuan.
Rendha, mchoraji mwenzangu, kapita tena kibarazani kwangu na mkataba wake wa hoteli. Kurasa tisa! Kanisomea nne nzima, brashi iko mdomoni mwangu. Eti mchoraji asiye na mkataba ni mpiga chokaa tu. Imeniuma. Kesho Bi Desak, mwenye mkahawa wa nguruwe wa kuchoma kule Ubud, anakuja kununua picha ya marehemu mama akiuza vitumbua sokoni. Lazima asaini kitu.

Jioni. Nimepata! Sandukuni mwa marehemu baba: mkataba aliotumia kumuuzia jirani nguruwe jike. Una kifungu kitamu: watoto wote, popote watakapozaliwa, wagawanywe sawa, wa kwanza wa mnunuzi, wa pili wa muuzaji. Bi Desak akiichapa picha kwenye menyu, si watoto hao? Nimefuta "nguruwe", nimeandika "picha". Mwenye wivu ajinyonge.

Jumanne, 6 Mei.
Bi Desak kausoma mara mbili, akatabasamu, akasaini. Kumbe mtu muungwana! Nakala nimeibandika ukutani, Rendha aione.

Ijumaa, 9 Mei.
Rendha kaiona. Kifungu cha nne nilikisahau: mnunuzi amlishe asubuhi na jioni, na siku za joto amwogeshe. Banjar yetu, mtaa mzima, inanicheka. Bi Desak kaleta ujumbe kwamba kulisha ameshaanza, ila kuogesha anaomba asamehewe, rangi itatoka.
Sikukata tamaa. Nikamwandikia kwamba menyu zake mpya zina picha ya mama, hao ni watoto, naomba nusu yangu. Kajibu kwamba amekubali kabisa, picha huzaa. Rahisi hivyo!

Jumatatu, 12 Mei.
Nimekwisha. Bi Desak kaja na boksi la menyu, nusu kamili kama nilivyodai. Akanikuta namalizia picha ndogo, mama na mwavuli akienda hekaluni. Akaikazia macho.
"Kaka Dira, huyu naye mtoto. Uso si uleule?"
Nikasema hii niliianza kabla ya kumuuzia ile.
"Basi uliniuzia mama akiwa na mimba. Tena mkataba unasema popote."
Ningekanaje kwamba picha huzaa? Menyu zilikuwa mikononi mwangu.

Alhamisi, 15 Mei.
Mkuu wa banjar kaamua. Naye mfugaji, hakuhitaji hata miwani. Mtoto wa kwanza aende kwa Bi Desak, na kila picha yenye uso ule ihesabiwe mtoto.
Kila picha! Mimi uso mwingine siujui. Tangu mama afariki, kila mwanamke ninayemchora huwa yeye, hata malkia, hata mashetani. Sasa nimemgawa mama yangu kwa kalamu yangu mwenyewe. Nimeona uchungu sana leo.

Jumamosi, 17 Mei.
Mbinu mpya: wanaume tu, wapiganisha majogoo. Nimechora sita. Wa tatu ana kidevu cha mama. Wa tano ana macho yake. Nimetupa brashi, nikaenda Ubud kumpigia Bi Desak magoti.
Picha zote mbili ziko ukutani mwa mkahawa, ubavu kwa ubavu. Chini yake, kijikapu cha jani la mnazi, sadaka ya marehemu: ua, punje za wali, kikombe cha kahawa bado kinafuka. Mhudumu kasema Bi Desak huweka mwenyewe, asubuhi na jioni, hajaruka siku. Machozi yakanitoka mbele ya wateja.
"Mama yako anakula vizuri kuliko wewe," Bi Desak kasema. Kisha akauchana mkataba palepale. Kumbe alikuwa akinunua vitumbua vya mama tangu utotoni. Eti alitaka tu kunifundisha kusoma kabla ya kuandika.
Kataka kunirudishia ile ndogo. Nimekataa. Mama hakupenda kukaa peke yake. Nimerudi na nyama sahani nzima.

Jumatatu, 19 Mei.
Mteja mpya kutoka Surabaya! Safari hii sifanyi ujinga wa nguruwe. Nimejifunza. Shemeji yangu hukodisha pikipiki, ana mkataba uliopigwa chapa, tena una mhuri. Nimefuta "pikipiki", nimeandika "picha", nikakagua mara mbili. Rendha alikuwa anachungulia, nikamwachia achungulie.
Mteja kasaini bila hata kutabasamu. Picha kapakia garini. Sasa amesimama mlangoni, anauliza kofia zake mbili ngumu ziko wapi, na kesho kutwa aje kuirudisha saa ngapi.