Kasha la Mama na Msasa Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Binti yangu karudi shuleni na karatasi. Ijumaa kuna maonyesho ya urithi. Kila mwanafunzi wa darasa lao apeleke kitu kimoja cha kale cha familia yake na kukieleza. Familia ya mshindi inapigwa picha, na picha inatundikwa kwenye korido ya shule mwaka mzima.

Naijua sana picha hiyo. Iliyopo sasa ni ya jirani yetu Fundi Saa, na mkewe, na mwanawe, na saa ya mfukoni ya babu yao. Kila kikao cha wazazi najikuta kwenye benchi linaloitazama. Fundi Saa katoa meno yote nje. Hakuna mtu mwenye meno mengi vile.

Mwaka huu picha ni yetu. Nimeapa.

Binti kachagua kasha la bibi yake, yaani mama yangu mzazi, lile la chini ya dirisha. Nikaguna. Limepauka, limechakaa, limekwaruzika. Nikamshauri tutafute kitu chenye hadhi. Akasema kwa upole kwamba mwalimu wa historia ameshaliandika. Mtoto mkaidi, sijui karithi kwa nani.

Jumanne, 4 Juni

Fundi Saa kanisimamisha njiani kuniuliza tunapeleka nini. Nikasema ni siri. Yeye hana siri: mwanawe anapeleka sanduku la vifaa vya babu, vyote vimepangwa kwa ukubwa.

Kisha nikajiuliza, mimi ni nani? Fundi vanishi, miaka ishirini na miwili! Meza za watu nazing'arisha mpaka wanajitazama. Iweje kasha la mama yangu liende mbele za watu na sura ya kuni? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kesho mama anakwenda kliniki ya macho na mke wangu. Binti atakuwa shule. Nitawashtukiza.

Jioni binti kaniletea daftari nimsomee alichoandika, kurasa nne. Nikamwambia nina mambo.

Jumatano, 5 Juni

Msasa mkali kwanza, halafu laini. Nje nikapiga, ndani nikapiga. Ndani ya mfuniko mlikuwa na mikwaruzo mibaya, nadhani ya panya. Mmoja mfupi wa pembeni ulizama kuliko yote, ukanitoa jasho. Umekwisha. Vanishi nikapaka mara tatu. Saa tisa nzi katua juu yake, akateleza.

Binti alipofika nikamziba macho, kisha nikamwachia. Akaenda moja kwa moja kwenye mfuniko, akapapasa. Hakulia. Bora angelia. Akaniuliza alama za bibi ziko wapi.

Kumbe! Mama hakusoma. Kwa kila mtoto aliyemzaa alichukua msumari akakata alama moja ndani ya mfuniko. Hiyo ndiyo hadithi nzima ya binti. Ndizo zile kurasa nne. Na mimi ni alama mojawapo, nimejifuta mwenyewe kwa mkono wangu.

Nikalikimbizia kasha karakana. Mama karudi na dawa machoni, haoni vizuri, Mungu mkubwa. Akauliza chumba kinanuka nini. Nikasema ni yeye, ananuka kliniki.

Alhamisi, 6 Juni

Kilichoharibika hutengenezwa. Nikahesabu kwa vidole: dada mkubwa, kaka wawili, mimi, mapacha. Sita. Nikapiga rula, nafasi sawasawa, nikakata kwa patasi, nikasugua majani ya chai ya jana zionekane za kale. Kwa haki kabisa, zimenyooka kuliko za mama.

Binti kaziangalia, akaanza kusema jambo kuhusu hesabu. Nikamkatiza: mimi ndiye niliyezaliwa katika familia hii. Mke wangu kaniuliza kama kichwani mna akili au vumbi la mbao. Mtu mzima hajibu kila swali.

Ijumaa, 7 Juni

Ukumbi umejaa. Fundi Saa kapita mezani kwetu, kanusa, akauliza duka gani wanauza makasha mazuri hivi. Jaji, mwalimu mkuu mstaafu, akagonga ubao, akaandika neno moja. Neno moja si dalili njema.

Mama akafika. Leo macho yake yanaona mpaka sindano. Akainua mfuniko, akapitisha kidole. Sita. Akarudia. Sita. Akauliza, bila kupandisha sauti, yule mdogo yuko wapi.

Kabla yangu alizaliwa mtoto aliyeishi siku nne. Niliambiwa mara moja tu utotoni, nikasahau. Alama yake ndiyo ile fupi ya pembeni, iliyonitoa jasho. Naandika wazi hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: niliona aibu mpaka nikatamani niingie kasheni nijifunike.

Binti akamwambia jaji kila kitu. Alama zilikuwa saba, baba kazisaga kwa msasa akidhani anapendezesha. Akafungua daftari. Jumatatu alikuwa amelaza karatasi ndani ya mfuniko na kupitisha penseli, zote saba zimetoka na mipindo yake. Akasema vitu vya kale havipotezwi na wezi tu, hata watu wa nyumbani wanaweza, tena kwa mapenzi. Kisha akampa bibi yake msumari.

Mama akakata alama moja fupi, pembeni. Ukumbi mzima ulisikia msumari ukikwaruza vanishi yangu. Jaji akavua miwani akaifuta.

Tumeshinda! Wakati wa picha mama aliamuru nishike kipande cha msasa. Sikubisha.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda shule kuiona picha, ingawa hakuna kikao. Nikakaa kwenye benchi lile lile. Binti katikati, mama na msumari wake, mke wangu anacheka. Mimi nimetokea nusu bega na msasa. Nikafurahi mno. Nimejifunza somo ambalo sitalisahau: usiguse kitu cha watu kabla ya kuuliza.

Ila fremu sasa! Mbao nzuri, lakini imepauka, na pande zote wamekwaruza majina na miaka, kuanzia enzi sijazaliwa mpaka mtoto wa Fundi Saa, na chini kabisa binti yangu. Sijui walimu wanatazama nini. Mlinzi wa lango kanihakikishia Jumamosi hakuna mtu. Nitawashtukiza. Msasa laini tu utatosha.