Mlango wa Juu ni wa Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Friji limefika! Jeupe pee, la milango miwili, mmoja juu mmoja chini, wanaume watatu wamelibeba mpaka sebuleni! Haya daftari langu, habari za tangu juzi. Mtaa mzima umeona. Nilihakikisha. Kila kona niliwaambia wabebaji wapumzike kidogo, wasije wakaumia mgongo.

Ni zawadi ya binti yangu, nesi wa hospitali kubwa huko mbali. (Kwa watu nasema daktari. Tofauti yake ni koti tu.) Amelinunua kwa ajili ya bibi yake, yaani mama mkwe wangu, anayejidunga sindano ya sukari asubuhi na jioni. Dawa ile inataka ubaridi. Miaka yote tumeihifadhi kando ya mtungi wa maji.

Ndani nilikuta karatasi ya maelekezo, mwandiko wa mwanangu mwenyewe. Herufi zimesimama wima utadhani zimemezeshwa fimbo. Nikalia palepale. Jioni hii hii nimeipeleka kwa fundi fremu, akaitia kioo na pembe za dhahabu. Sasa imetundikwa juu ya kochi, karibu na dari, mikono isiifikie.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, akauliza imeandikwa nini. Nikamjibu imeandikwa kisomi.

Jumanne, tarehe 4

Nimepanga friji tangu asubuhi. Kwa heshima, siyo kienyeji kama la wifi, ambako samaki analala na maziwa.

Rafu ya kwanza: mwenye nyumba, mume wangu, na maji yake. Ya pili: wageni. Soda sita, haziguswi mpaka waje watu wa maana. Droo ya chini: mboga, na mimi. Wifi hana rafu. Akaniuliza yake iko wapi. Nikamwambia iko kwake.

Dawa ya Mama ilinisumbua kichwa. Mkubwa hawezi kukaa chini ya soda! Nikaipandisha mlango wa juu kabisa, kule kwenye barafu, peke yake, juu ya kitambaa nilichofuma kwa mkono wangu. Mama akauliza kama huko si baridi mno. Nikamwambia, Mama, wewe ni wa juu, tulia.

Jumatano, tarehe 5

Dawa imekuwa jiwe.

Si neno. Nimeiweka kifuani nikiwa nafagia, ikayeyuka. Mama akajidunga. Nikairudisha juu. Mwenye kiti chake haondolewi kwa ajili ya barafu kidogo.

Ijumaa, tarehe 7

Mama hayuko sawa. Tangu jana anakunywa maji jagi zima na bado kiu. Asubuhi aliniita kwa jina la dada yake aliyefariki. Mimi nikaitika. Ningefanyaje?

Mume wangu akamvika viatu, tukaenda zahanati. Tabibu akaitazama ile chupa ya dawa kwenye mwanga. Akauliza nani aliigandisha. Nikasema friji. Akasema dawa ikishaganda imekufa, hata ikiyeyuka, kwa hiyo siku zote hizi mgonjwa amejidunga maji tu. Akauliza kama hatukupewa maelekezo. Nikamwambia tunayo, tena kwenye fremu.

Mume wangu akanipa mgongo. Huyo mtu husema kitu hata akipishana na paka.

Jumapili, tarehe 9

Mama ametoka zahanati alikolazwa, macho yamerudi. Lakini hakurudi kwangu. Wifi amemchukua. Alisimama mlangoni akasema, wifi yangu, nyumba yako nzuri ila inaua. Nikamkabidhi nguo za Mama. Mimi!

Miaka ishirini na sita nimeishi na yule mama. Ndiye aliyenifundisha kumbeba binti yangu mgongoni. Kitana chake bado kiko dirishani. Nimelisugua friji mara tatu leo. Halina doa. Nyumba kimya, linanguruma peke yake.

Jumatatu, tarehe 10

Nimekwenda kwa wifi na supu, kichwa chini. Friji lake mlango umefungwa kwa kamba. Dawa ya Mama imewekwa rafu ya katikati, ndani ya kikombe kisicho na mkono, ubavuni mwa kitunguu. Kitunguu! Lakini Mama anang'aa.

Nikapiga magoti, nikamwomba msamaha. Akaniambia, mwanangu, mimi sikutaka kiti cha juu, nilitaka kupona. Akasema atarudi, ila dawa ikae palepale mjukuu wake alipoandika. Nikaapa mara mbili. Wifi akasema niape ya tatu. Nikaapa.

Jumatano, tarehe 12

Binti yangu amepewa likizo! Ametanguliza karatasi nyingine kwa dereva wa basi, kubwa kuliko ile, herufi nyekundu, imepigiwa mistari chini. Kwenye simu akanisihi niibandike mlangoni mwa friji na niisome. Gundi? Kwenye mwandiko wa daktari?

Nimeipeleka kwa fundi fremu. Zitakaa mbili sambamba, kama macho. Yule fundi ana mdomo: akaanza kunisomea, eti, "Mama, rafu ya katikati tu. Si juu, si mlangoni." Nikamwambia kazi yake kukata kioo.

Nimeshajifunza. Juu ni baridi mno. Nimempangia Mama mlango wa chini, upande wa ndani, mbele kabisa, kitambaa kipya: kila atakayefungua ataanza kumsalimu yeye.

Mama, wifi, binti yangu, wote wanakuja Jumamosi.