Mlango wa Kutokea Angani

Jumatatu, 3 Juni

Sijamwambia mtu yeyote: nimeamua kuzuia kifo. Kifo cha Daktari wa chombo, katika tamthilia yetu ya anga za juu. Daktari huyo ni mama mdogo wangu. Ndiye anayenilea, na ndiye aliyenitafutia hiki kikazi nilipomaliza shule. Leo tumegawiwa miswada ya wiki. Ijumaa Nahodha anamsukuma nje ya chombo, aelee kwenye nyota mpaka basi. Akifa Daktari, mama mdogo hana kazi. Miaka yote hiyo ametibu madubwana ya kila sayari, shukrani zenyewe ndizo hizi?

Kazi yangu ni milango. Watazamaji wanadhani inajifungua yenyewe. Thubutu! Ni mbao zilizopakwa rangi ya fedha, nami nimejibanza nyuma, taa nyekundu ikiwaka navuta kamba. Mashine ya sauti iliharibika, kwa hiyo hata ile “fwiiish” ni mimi, kwa mdomo. Siku nyingine ndilo neno pekee ninalotamka kazini. Nahodha ananiita Komeo. Mtu ambaye mabega yake ni sponji ya godoro!

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa kwanza: kumkabili Mwongozaji, ambaye pia ndiye mwandishi. Nilifanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo. Nikaingia ofisini. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, kuna nini? Hotuba yote ikayeyuka, nikajikuta nimesema fwiiish.

Akasema vizuri sana, ila niivute kidogo mwishoni.

Niivute! Mtu anamuua ndugu yangu halafu ananifundisha kazi!

Jumatano, 5 Juni

Mwongozaji anapenda kujigamba kwamba anafuata matakwa ya watazamaji. Haya. Nikajifungia chooni na simu, nikampigia nikiwa bibi mjane asiyepata usingizi bila kumwona Daktari. Nikakata, nikapiga tena nikiwa askari mstaafu. Askari alikuwa analia vizuri mno, hadi Mwongozaji akamkatiza: “Komeo, ukimaliza msiba wako utoke, Nahodha kakwama mlangoni.”

Kumbe choo na ofisi vimetenganishwa na ubao mmoja tu. Alikuwa ananisikia kwa sikio hili kwenye simu na kwa lile ukutani. Jengo hili halina staha hata kidogo.

Nahodha alipopata habari alicheka mpaka bega moja likamwanguka. Sikumwokotea.

Alhamisi, 6 Juni

Mama mdogo anajikaza mpaka ninaumia mimi. Jioni alikuwa anaimba huku akikunja koti jeupe la Daktari, alilolishona kwa mikono yake. Nikamuuliza kama ameyasoma ya kesho. Akasema ameyasoma, mwanangu, na ni kifo kizuri, cha haraka, hakina maneno mengi. Tena magoti yamechoka kukimbizwa na madubwana. Kisha akashika futi yake akapima pazia la sebuleni, akasema rangi hii ingependeza dukani.

Duka gani?

Akasema nile, chakula kinapoa.

Maskini! Huzuni imeshaanza kumchanganya. Nimelia, nikanawa uso, nikachagua kamba.

Ijumaa, 7 Juni

Ijumaa tunarusha moja kwa moja, hakuna kurudia. Niliufunga mlango wa kutokea angani kwenye nguzo, kwa fundo nililofundishwa na skauti.

Nahodha akamburuta mama mdogo mpaka mlangoni. Akanguruma, “Kwaheri, Daktari!” Taa ikawaka. Sikuvuta. Sikusema fwiiish.

Kimya nchi nzima.

Nahodha akarudia kuaga. Akamsukuma mama mdogo, ukuta ukatikisika, nyota mbili zikabanduka. Mama mdogo akanong’ona kupitia ufa, “Fungua, we mtoto!” Nikaziba masikio. Basi akaanza kuusukuma mwenyewe! Kwa bega! Mtu anayeuawa anahangaika kutoka nje kuliko muuaji! Nahodha akaona ameaibishwa. Akamsogeza pembeni, akarudi nyuma, akaja mbio.

Wale skauti ni waongo. Fundo lilifyatuka.

Nahodha akapita mlangoni kama gunia, akatua miguuni pangu. Nikashtuka, nikasema fwiiish. Mlango ukajifunga. Mama mdogo akabaki peke yake mbele ya kamera, mdomo wazi, akiwa hai.

Mwongozaji alilia kwa furaha. Akasema hajawahi kuandika kitu kizuri kama kile. Ni kweli, hajaandika.

Nimeshinda!

Jumamosi, 8 Juni

Mama mdogo hasemi nami. Alisema asubuhi tu, tena kwa kirefu. Kumbe kifo kile alikiomba mwenyewe! Amemsihi Mwongozaji mwaka mzima amuue. Chumba cha kushonea ameshapata, cherehani inaletwa Jumatatu. Lile pazia alikuwa analipimia huko. Sasa simu za watazamaji hazikomi, nao ni watazamaji wa kweli, si mimi. Amepandishwa cheo. Ndiye Nahodha mpya, na madubwana yameongezwa.

Akaniuliza mlango ulikuwa na nini. Nikasema ubao umevimba kwa unyevu.

Ningetegemea walau asante! Mtu unamwokoa mbele ya nchi nzima, anakununia kwenye chai! Cherehani ni kitu gani mbele ya chombo kizima? Ni uchovu tu unaosema. Mimi namjua kuliko anavyojijua.

Tena ana ukaidi. Amemshika Mwongozaji mpaka amekubali: Ijumaa ijayo Nahodha mpya anatiliwa sumu kwenye kikombe. Atakayemtilia ni pacha wa yule Nahodha wa zamani, aliyeibuka ghafla kutoka sayari nyingine. Mabega ni yale yale. Mwenye mabega hayo amepita leo akasema, “Komeo, safari hii hakuna mlango.”

Hakuna mlango, kweli. Ila vikombe viwili vitakuwa mezani, na tangu leo anayeviandaa ni mimi.

Wewe uliyefika hapa, nakuomba sana: usimwambie mama mdogo.