Petroli ya Boti ya Mzee Othmani

Jumatano, 4 Oktoba 2017

Nimechoka na sijaanza. Mzee Othmani kamkabidhi Firmin ufunguo wa boti. Firmin! Fundi mhamiaji kutoka Kalemie, anayependwa na mtaa wetu wote wa Bellevue, mpaka mbwa. Mimi niliyempa mzee pole ya kikohozi mwaka mzima sikuambulia hata kasia.

Sababu ni petroli. Mzee kasikia kuna petroli inayochanganywa na spiriti, kile kilevi cha pombe. Gari huvumilia. Mashine ya boti haivumilii: spiriti hunyonya maji, maji hutuama chini ya tangi, mashine inafia katikati ya bwawa. Kwa hiyo alitaka mtu mwaminifu wa kumnunulia iliyo safi. Mwaminifu! Na mimi wiki ijayo namtuma mshenga nyumbani kwake kumposa binti yake Kidawa. Anayekabidhiwa petroli ndiye atakayekabidhiwa binti, hilo liko wazi. Firmin ana mke na watoto wanne, Kidawa hamhusu. Hilo halinipunguzii wivu.

Ijumaa, 6 Oktoba

Wazo! Nalitia spiriti dumu la petroli alilonunua Firmin, kisha Jumapili, mzee atakapotupeleka Bwawa la Vaal kwa boti, naipima mbele ya watu. Kipimo ni rahisi. Maji kidogo kwenye chupa, unatia alama, unamimina petroli, unatikisa. Maji yakipanda juu ya alama, spiriti imo. Firmin ataumbuka.

Nimenunua chupa tatu za pombe kali kwenye spaza, kiduka cha mtaani. Muuzaji kauliza kama kuna sherehe. Wote walipokwenda msikitini nikaingia uani kwa mzee, boti na dumu viliko, nikamimina, chupa tupu nikazisukuma chini ya turubai. Nusu chupa ikaishia kwenye koti. Koti lenyewe ndilo hilo moja. Sala ya Ijumaa imenipita. Mungu anisamehe, ni kwa ajili ya ndoa.

Jumapili, 8 Oktoba

Sikupima. Chupa ilikuwa mfukoni, alama tayari. Lakini mzee kaamuru tupande upesi, na nafasi iliyobaki ilikuwa kando ya Kidawa. Nani angebaki ufukoni akitikisa chupa? Nikajiambia nitapima tukirudi. Kidawa kavuta mtandio mpaka puani. Haya za kike, nikaona. Dalili njema.

Katikati ya bwawa mashine ikakohoa, ikafa. Firmin kafungua tangi, kakuta maji chini, kalaumu kituo cha mafuta. "Eish, iko maji mingi," kasema, kashika kasia na kuanza nyimbo za kanisani kwao. Mzee akanusa. Akanusa tena. Akanisogelea. Akaniuliza kwa upole, na upole ndio ulioniua, nimeanza kunywa lini.

Ningesema nini? Kwamba mimi si mlevi, nimekuharibia mashine tu? Nikainamisha kichwa. Nikasema tangu mwaka jana.

Jumatatu, 9 Oktoba

Posa imekataliwa kabla haijapelekwa. Mtaa mzima unanipa pole. Firmin kashinda akisafisha kabureta, kisha kaja na chapati, kanikumbatia. Kasema kaka yake naye alikuwa hivi hivi na leo ni shemasi. Nimemchukia zaidi. Chapati nimekula.

Jioni Kidawa kanitumia ujumbe. Kaziona chupa tatu chini ya turubai la boti, na anajua mlevi hanywei huko. Kasema yeye hatamwambia baba yake, mzee hatalihimili. Kamalizia hivi: "Bora ungekuwa mlevi kweli. Mlevi hulevuka."

Imeniuma. Nampenda yule msichana, na sasa ananijua.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nimetubu hadharani baada ya sala. Pombe sijaionja maishani, lakini nimetubu vizuri: machozi, kamasi, kila kitu. Wanaume wakapanga mstari kunikumbatia. Mzee Othmani kalia. Kasema mja anayerudi kwa Mola wake hafukuzwi mlangoni, na Jumapili nikale kwake. Biriani! Kidawa atapakua. Hataniangalia, lakini atapakua.

Nimelala chali nikifikiri. Mwaka mzima wa unyoofu haukunipa hata kikombe cha chai. Siku tano za ulevi zimenipa biriani. Ijumaa ijayo nitatubu kamari. Kwanza itabidi nimuulize mtu inachezwaje.