Modemu Nyuma ya Kijumba cha Ông Địa

Jumatatu, 2 Juni 2008

Siku kubwa! Ile kampuni ya zamani ya intaneti nimeifukuzisha. Miezi mitatu nimemnong'oneza Bi Thoa, mkurugenzi wetu, kwamba laini yao inajikokota, na leo mafundi wa kampuni mpya wamekuja kufunga DSL yao, intaneti ya waya wa simu. Bi Thoa kasema mbele ya watu wote: Khiêm, hii ni yako. Ikikaa sawa mpaka tuwatumie wateja wetu wa Osaka hati za mzigo wa samaki wakavu, unakuwa Mkuu wa Mitambo, na ile meza chini ya kiyoyozi ni yako. Ikisumbua, unarudi ghalani.

Ghalani! Miaka miwili nilinuka ngisi hadi mke wangu akanitandikia barazani. Sirudi, ng'o.

Quyết wa mauzo anaitamani meza hiyohiyo. Mafundi wakiondoka, hawajafika hata getini, yeye keshaanza kuipapasa modemu. Nikaona isiwe taabu. Alipokwenda kula nikaurefusha waya wa simu, nikaificha modemu nyuma ya kijumba cha Ông Địa, pale sakafuni karibu na mlango. Kuna soketi. Nani ana moyo wa kupekua nyuma ya mungu mlinzi wa ardhi? Akili hizi nimezitoa wapi mimi!

Jumatano, 4 Juni

Intaneti imekufa tangu saa mbili asubuhi. Jasho! Mwezi umeandama leo, kwa hiyo Shangazi Sáu, mpishi wetu, amempambia Ông Địa: maua, matunda, kahawa nyeusi, taa zake nyekundu zinawaka kutwa. Ofisi inanukia udi na watu wananisonya.

Nimepigia simu kampuni mpya. Muziki, dakika arobaini. Kisha binti mmoja akaniuliza kama taa za modemu zinawaka. Nikachungulia kutoka mezani kwangu, nikaona wekundu unametameta nyuma ya maua. Nikamwambia zinawaka. Akauliza rangi gani. Nyekundu, nikasema. Akaguna. Akasema nyekundu si dalili nzuri, huenda kuna simu isiyo na kichujio inaichafua laini, niitafute.

Faksi ya Quyết! Nani mwingine? Nimeichomoa alipokwenda msalani, nimeifungia kabatini kwangu chini ya mwavuli.

Alhamisi, 5 Juni

Inakimbia! Nimefika asubuhi, nimebonyeza, ukurasa huo! Ilikuwa faksi, nilijua. Nani kama Khiêm?

Quyết anaulizia faksi yake meza kwa meza. Nimemsaidia kuitafuta nusu saa nzima.

Jumatano, 18 Juni

Wiki mbili raha mustarehe, na leo tena, kimya. Mwezi umefika siku ya kumi na tano, ofisi imejaa udi, Bi Thoa amejaa hasira. Faksi bado imo kabatini, nimeichungulia mara mbili. Basi hii ni hujuma. Quyết ana shemeji katika ile kampuni ya zamani, na bila shaka shemeji huyo anapanda nguzo yetu kukata waya.

Nimeilinda nguzo juani tangu saa nne hadi saa tisa. Hakupanda mtu. Wameniogopa.

Bi Thoa alitoka akasema magunia ya ghalani yananiulizia. Moyo ulishuka hadi kwenye ndala. Kisha Quyết akapita na kahawa yake ya barafu, akauliza eti bwana fundi, siku hizi intaneti inaangushwa kama nazi? Wakacheka wote, hata mlinzi.

Ikabaki silaha moja. Hapa mjini Cần Thơ mtu akipotelewa na kitu humwahidi Ông Địa ndizi. Nikachuchumaa kati ya maua nikamnong'oneza: ikirudi, chane nzima. Shangazi Sáu akanikaripia, niondoke pale nisije nikammwagia mzee wa watu kahawa yake.

Alhamisi, 19 Juni

Imerudi! Nimemletea ndizi zake. Nusu chane, maana njiani niliona njaa, lakini ni nzuri.

Bi Thoa aliuliza nimefanyaje. Nikamwambia mambo ya kitaalamu, Bi Mkubwa, hayaelezeki. Akatikisa kichwa kwa heshima. Mimi naiita heshima.

Alhamisi, 3 Julai

Leo ndiyo leo. Osaka wanataka hati kabla ya saa sita mchana, la sivyo kontena letu halipakiwi. Saa mbili na nusu nikabonyeza. Hakuna! Mwezi umeandama tena, taa za Ông Địa zinametameta, Shangazi Sáu anapanga matunda kana kwamba dunia haijaisha.

Nikasimama katikati ya ofisi nikamtaja Quyết kuwa mhujumu, hadharani. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye kabati langu, akafungua, akatoa mwavuli, akatoa faksi. Loo! Bi Thoa hakunitazama tena. Alimwita fundi yeye mwenyewe.

Fundi alikuwa dada mmoja mfupi, jina lake Nhàn, asiye na maneno. Aliushika waya wa simu akaufuata kwa magoti, ukuta hadi ukuta, mpaka kwa Ông Địa. Akapitisha mkono nyuma ya maua, akaitoa modemu. Imezimika, haina taa hata moja. Akauliza nani kaichomoa.

Shangazi Sáu akatoka jikoni na mwiko wake. Akasema ni yeye, kwani kuna nini? Soketi ni moja, na ni ya Ông Địa tangu ofisi ifunguliwe. Kila mwezi ukiandama, na ukifika siku ya kumi na tano, taa lazima ziwake, kwa hiyo asubuhi hukichomoa hicho kidude cheusi, na jioni hukirudisha. Hajasahau kukirudisha hata siku moja, na hajaambiwa ahsante hata siku moja.

Bi Thoa akauliza, polepole, nani alikiweka pale.

Harufu ya ngisi ikanijia puani. Nikasema: mimi, Bi Mkubwa. Nilitaka biashara yetu ipite kwanza mbele ya Ông Địa, apate kuibariki, ndipo iende Osaka.

Macho yakamlowa! Bi Thoa, ambaye hafungui hata bahasha kabla hajachoma udi! Akaniita mwanangu. Nhàn akachomeka ekstenshen yake, taa zikawaka, modemu ikawaka, hati zikaenda saa tano na dakika arobaini. Ushindi! Na meza ni yangu! Quyết alikunja uso kutwa nzima.

Nhàn ameondoka na ekstenshen yake. Bi Thoa ameagiza kesho modemu ikae mahali ambapo hakuna mkono wa kuichomoa. Hilo tu. Dogo.

Ijumaa, 4 Julai

Anaandika Mkuu wa Mitambo, chini ya kiyoyozi, amevaa sweta.

Quyết alipendekeza modemu ikae juu ya meza yangu, peupe, kila mtu aione. Thubutu! Aichezee? Nimeipeleka jikoni asubuhi na mapema, nyuma ya kapu la vitunguu, wala sijamwambia mtu. Kuna soketi nzuri sana pale. Palikuwa na waya mmoja mweupe umechomekwa, sijui wa nini, nikauchomoa.

Intaneti inakimbia tangu asubuhi. Bi Thoa kafurahi hadi kamwalika wakala wa Osaka aje tule naye mchana.

Saa saba na robo sasa. Wakala amekunywa chai glasi nne. Shangazi Sáu anafunua sufuria yake ya umeme, anafunika, anafunua tena. Wali haujaiva hata punje. Bi Thoa amenitazama. Nimemwambia atulie, mambo ya umeme aniachie mimi. Quyết nimemwona kwa macho yangu akipita jikoni mara mbili.